Wameikataa moduli yangu ya mikopo: nibembeleze au niache?

Mimi ni mhasibu wa SACCOS ya wafanyakazi hapa Morogoro, nina umri wa miaka 27. Chuoni nilisoma hesabu na takwimu; Python nimejifunza mwenyewe usiku, nikitoka kazini. Nimeandika moduli ya kukokotoa mikopo: rejesho la kila mwezi kwa riba isiyopungua na kwa riba inayopungua, ratiba nzima ya marejesho, na riba halisi anayolipa mwanachama. Nilipoona imekaa sawa, niliituma kwa watunzaji wa maktaba moja kubwa ya hesabu ya Python, programu huria ninayoitumia kila siku, nikiomba waiingize humo. Walinijibu kwa aya moja tu: mambo ya fedha hayamo katika kazi ya maktaba yao, nichapishe moduli yangu peke yake. Wakalifunga ombi. Rafiki yangu anasema wale hawapokei kazi ya mtu wasiyemjua, sembuse mtu wa Morogoro. Niliumia, maana niliwapa bure. Niendelee kuwabembeleza au niache? Na nikichapisha mwenyewe, maelezo niyaandike kwa Kiingereza tu, au Kiswahili nacho kina nafasi?

Mhasibu, Morogoro

Usiwabembeleze, na kazi usiiache. Ichapishe moduli yako isimame yenyewe, yenye jina lake na leseni yake, na ukubali kuwa mtunzaji wake. Najua jibu hilo halitakutosha, kwa sababu kinachokuuma ni kwamba ulitoa zawadi ikarudishwa mlangoni. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Msimbo unaoingia kwenye maktaba kubwa hauna gharama siku unapopokelewa. Gharama huanza kesho yake. Toleo jipya la Python likitoka, lazima mtu ahakikishe msimbo bado unafanya kazi. Mtumiaji wa Brazil akipata jibu asilolitarajia, lazima mtu amjibu. Ikigundulika kwamba kanuni uliyoitumia hupotosha namba zikiwa ndogo sana, lazima mtu aijue hesabu yake vya kutosha ili airekebishe bila kuharibu kazi za waliokwisha kuizoea. Anayeulizwa ni aliyeupokea msimbo, kwa sababu aliyeuandika mara nyingi amekwisha kuoa, kuhama au kubadili kazi. Umewahi kuona kijiji kilichopewa pampu ya maji bila fundi wala vipuri: pampu ikifa, wanaolaumiwa ni kamati ya maji, na mfadhili hapatikani. Watunzaji wa maktaba za hesabu ni kamati ya maji. Wanapopima ombi kama lako hujiuliza nani atakuwapo baada ya miaka kumi.

Hukuitaja maktaba uliyoiandikia, wala hakuna haja. Nitakusimulia kisa cha NumPy, maana kinahusu fani yako hasa. Mwaka 2008 maktaba hiyo iliongezewa vikokotozi kumi vya fedha. Kimoja, pmt, hutoa rejesho la kila kipindi. Viwili, ipmt na ppmt, huligawa rejesho hilo kati ya riba na mkopo wenyewe. Kingine, npv, hupima thamani ya leo ya fedha zitakazoingia na kutoka; na irr hutafuta riba iliyojificha ndani ya mtiririko wa fedha. Vilikuwa na majina yaleyale wanayoyajua watumiaji wa Excel. Kwa macho ya siku ile, nani angekataa?

Maswali yalikuja baadaye. Kikokotozi cha npv cha NumPy kilihesabu malipo ya kwanza kuwa ya leo, ilhali Excel huyahesabu kuwa ya mwisho wa kipindi cha kwanza. Mhasibu akilinganisha, anapata majibu mawili tofauti na anaamini maktaba imekosea. Kwa irr, mtiririko wa fedha unaobadili alama zaidi ya mara moja, kutoka hasi kwenda chanya na kurudi hasi, unaweza kuwa na majibu zaidi ya moja yaliyo sahihi kihesabu. Je, kompyuta irudishe lipi? Na kubwa kuliko yote, vikokotozi vile havikuijua kalenda. Vilihesabu vipindi, wakati mikopo ya watu ina tarehe, mwezi wenye siku 28 na mwezi wenye siku 31. Maswali haya yote yaliwaangukia watu ambao ujuzi wao ni kupanga safu za namba na kuzikokotoa kwa kasi. Uhasibu haukuwa kazi yao.

Mwaka 2019 Warren Weckesser, mmoja wa wachangiaji wao, aliandika pendekezo rasmi, la 32 katika mfululizo wa mapendekezo ya NumPy, kwamba vikokotozi hivyo viondolewe. Toleo la 1.18, la Desemba mwaka huo, lilianza kuwaonya watumiaji. Katika toleo la 1.20, Januari 2021, havikuwamo tena. Vilihamishiwa maktaba ndogo iitwayo numpy-financial, na huko ndiko viliko.

Tazama basi: waliondoa vya kwao wenyewe, vilivyokuwa vimekaa ndani zaidi ya miaka kumi. Mgeni mwenye moduli ya mikopo, awe ametoka Morogoro au Munich, angejibiwa vilevile. Na ukumbuke kwamba toleo la 1.0 la NumPy lilitoka mwaka 2006, lakini ruzuku ya kwanza ya kuwalipa watu waifanyie kazi ilipatikana mwaka 2017. Miaka yote hiyo katikati, maktaba iliyobeba hesabu za wanaastronomia na za wataalamu wa hali ya hewa ilitunzwa na watu waliojitolea, jioni baada ya kazi, kama wewe. Aya moja uliyoandikiwa huenda iliandikwa na mtu wa namna hiyo, saa tano usiku.

Rafiki yako hajakosea yote. Watunzaji wengi wa maktaba hizi wako Ulaya na Marekani, wengi wanafahamiana, na mtu asiyejulikana husomwa kwa tahadhari. Tahadhari hiyo imeongezeka baada ya kisa cha xz, programu ya kubana mafaili, mwaka 2024. Mtu aliyejiita Jia Tan alichangia kwa uvumilivu kwa muda wa miaka kama miwili, akaaminiwa, akapewa madaraka ya utunzaji, kisha akapenyeza mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Ulikaribia kusambaa duniani kote kabla Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akichunguza ucheleweshaji mdogo kwenye mashine yake, hajaugundua mwezi Machi. Sisemi hivi ili uwaonee huruma wanaokupuuza. Nakueleza kwamba imani katika kazi hii hujengwa kwa vitu vidogo vinavyokaguliwa kwa urahisi: sentensi ya maelezo iliyosahihishwa, jaribio lililoongezwa, hitilafu iliyoripotiwa pamoja na mfano mfupi unaoirudia. Wewe ulianza na moduli nzima. Hata ingekuwa safi kama lulu, kuikagua kungemchukua mtu siku kadhaa.

Sasa, kuhusu kukaa nje. Naona unadhani ndani ndiko kwenye heshima. Historia ya maktaba hizi inasema vingine. SciPy, maktaba ya hesabu za kisayansi iliyoanza mwaka 2001, ilifika mahali ikawa na wageni wengi wanaotaka kuingia, ndipo ukazuka utaratibu wa moduli za pembeni zilizoitwa scikits. Mojawapo ilianzishwa na David Cournapeau mwaka 2007 katika mradi wa wanafunzi uliodhaminiwa na Google. Watafiti wa INRIA, taasisi ya utafiti ya Ufaransa, wakaichukua, wakatoa toleo la kwanza la hadhara Februari 2010. Ndiyo scikit-learn, ambayo leo karibu kila anayejifunza ujifunzaji wa mashine kwa Python huanza nayo. Haikuwahi kuingizwa ndani ya SciPy, na sioni ilichopoteza. Na sasa yenyewe ina mlango mgumu: kanuni mpya haikubaliwi mpaka iwe imepita angalau miaka 3 tangu ichapishwe, na imerejelewa katika maandiko mengine mara 200 au zaidi. Wasiotimiza hayo huelekezwa wajenge moduli za nje zinazoshika taratibu zilezile, ili mtumiaji aziunganishe bila shida.

Ningependa hasa uijue GAP, mfumo wa programu wa aljebra ya makundi, ingawa fani hiyo haina uhusiano na SACCOS. Ilianza mwaka 1986 Aachen, Ujerumani, chini ya Joachim Neubüser, na mwaka 1997 makao yake yakahamia St Andrews, Uskoti. Wao walitambua mapema kwamba mwanahesabu anayetumia miezi kuandika moduli hapati sifa anayoipata aliyechapisha makala ya jarida. Wakaweka utaratibu: mwandishi akitaka, moduli yake hupelekwa kwa mhariri na kukaguliwa na mtaalamu wa fani hiyo, kama makala. Ikipita, hutajwa kuwa moduli iliyokubaliwa, na jina la mwandishi hubaki juu yake. Mwandishi ndiye mmiliki na mtunzaji. GAP huisambaza pamoja na mfumo wake. Huo ndio mpango ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unampa mchangiaji heshima yake na kumwachia wajibu wake. Maktaba za Python hazina utaratibu kama huo kwa ujumla, lakini moyo wake unaweza kuuiga.

Tuje kwenye moduli yenyewe. Kabla ya kuichapisha, ipunguze. Rejesho kwa riba inayopungua limekwisha kukokotolewa na numpy-financial, na mgawanyo wa riba na mkopo pia. Usiviandike upya, viite kutoka huko. Chako, kile ambacho sijakiona kwingine kikiwa kimekaa vizuri, ni ulinganisho wa riba isiyopungua na inayopungua, ratiba yenye tarehe halisi, na ukadiriaji wa shilingi nzima. Moduli ndogo inayofanya mambo matatu kwa uhakika huishi kuliko kubwa yenye ishirini.

Kisha majaribio, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo moduli nyingi za watu binafsi hufa. Mtu asiyekujua hana njia ya kuiamini kazi yako isipokuwa kuona majaribio yanayojiendesha na majibu ambayo anaweza kuyahakiki kwa kalamu. Mpe mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi inayopungua: rejesho linatakiwa kuwa 113,471 na senti kadhaa. Mpe mkopo huohuo kwa riba sifuri. Fomula ya kawaida hapo hugawanya kwa sifuri na programu huanguka, ilhali jibu la kweli ni rahisi, 100,000. Mpe mkopo wa mwezi mmoja. Mpe miezi hasi, uone kama moduli inakataa kwa ujumbe unaoeleweka au inarudisha upuuzi kimyakimya. Ukikadiria rejesho kuwa 113,472, kwa miezi 12 mwanachama atakuwa amelipa shilingi kadhaa za ziada; rejesho la mwisho ndilo lipunguzwe, na jaribio lithibitishe kwamba salio linaishia sifuri kamili. Kwa fedha, tumia hesabu za desimali zilizomo ndani ya Python yenyewe badala ya namba za kawaida za kompyuta, maana kwa hizo 0.1 kujumlisha 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Katika kikokotozi kimoja hilo halionekani; katika ratiba ya wanachama elfu moja, mkaguzi atakuuliza.

Tarehe zina mtego wake. Mwanachama amechukua mkopo tarehe 31 Januari. Rejesho la Februari ni tarehe 28, au 29 mwaka mrefu. Je, la Machi linarudi tarehe 31, au linabaki 28 kwa sababu programu imeongeza mwezi mmoja juu ya Februari? Majibu yote mawili yanaweza kutetewa. Usiloweza kulitetea ni moduli kuchagua bila wewe kujua. Amua, andika uamuzi kwenye maelezo, weka jaribio.

Leseni usiiahirishe. Msimbo uliowekwa hadharani bila leseni haumruhusu mtu yeyote kisheria kuutumia, hata kama nia yako ilikuwa kuutoa bure. NumPy na SciPy hutumia leseni ya BSD, ambayo inamruhusu mtu kufanya karibu lolote mradi ahifadhi jina la mwandishi. GAP na SageMath, mfumo mwingine huria wa hesabu, hutumia GPL, inayomtaka anayesambaza kazi iliyotokana nayo aisambaze kwa uhuru uleule. Kwa moduli itakayokaa karibu na NumPy, ningechagua BSD. Na kama kuna kipande chochote ulichokinakili kutoka vitabu vya Numerical Recipes, kitoe na ukiandike upya kutoka kwenye hesabu yenyewe. Msimbo wa vitabu vile una leseni yenye masharti makali, na SciPy huukataa waziwazi kwa sababu hiyo.

Hapa pana jambo la kwako mwenyewe ambalo barua yako imelipita. Wewe ni mwajiriwa, na moduli hii inahusu kazi unayolipwa kuifanya. Hata kama uliiandika usiku, nenda kwa meneja wako na upate barua fupi inayosema SACCOS haina pingamizi moduli itolewe kwa leseni huria chini ya jina lako. Fanya hivyo sasa, wakati hakuna mgogoro. Pia hakikisha kwamba hakuna jaribio lenye namba za mwanachama wa kweli, hata ukiwa umefuta jina. Kiasi cha mkopo, tarehe na mahali pa kazi vikiwekwa pamoja vinaweza kumtambulisha mtu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tunga mikopo ya kubuni, hesabu haibagui.

Ukishaiweka PyPI, ambako kila mtumiaji wa Python ataipata kwa amri moja, tafuta mtunzaji wa pili. Usisubiri umaarufu. Mwombe mwenzako mmoja wa chuo au mhasibu wa SACCOS jirani, umpe madaraka kamili ya kutoa toleo, na umtazame akilitoa moja peke yake. Mtu mmoja huugua, hupata mtoto, huhamishwa kikazi. Nikiona moduli yenye watunzaji wawili wasioishi nyumba moja, naishauri taasisi iitumie. Yenye mmoja, nasita.

Kwa maktaba uliyoiandikia, waandikie mstari wa shukrani, uwaambie umechapisha, na uombe ruhusa ya kuitaja maktaba yao kwenye maelezo. Baadaye, ukikuta kosa dogo katika nyaraka zao, lirekebishe na uwatumie. Usiseme chochote kuhusu moduli yako hapo. Kazi ikikubaliwa mara ya kwanza, mara ya tatu, mara ya sita, utakuwa mtu anayejulikana, na siku ukiwa na hoja kubwa watakusoma kwa makini.

Umeuliza kuhusu Kiswahili. Majina ya vikokotozi yaache kwa Kiingereza, ili mtu wa Lima au Hanoi ayaelewe, na maelezo ya Kiingereza yawepo. Lakini Kiswahili kisiwe kiambatisho cha mwisho. Wanaoihitaji moduli hii kuliko wote ni makatibu wa vikundi na wahasibu wa SACCOS kutoka Kigoma hadi Kilifi, na nyuma yao wanachama ambao huambiwa riba ni asilimia 2 kwa mwezi na kuondoka wakiamini wameelewa. Chukua ule mkopo wa 1,200,000. Kwa riba isiyopungua, mwanachama analipa 124,000 kila mwezi, na riba yote ni 288,000. Kwa riba inayopungua analipa 113,471, na riba yote haifiki 162,000. Asilimia ni ileile 2, mkopo ni uleule, miezi ni ileile. Ukitafuta riba halisi ya yule anayelipa 124,000 unakuta karibu asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa sababu anatozwa riba ya fedha ambazo amekwisha kuzirudisha. Watu wanasaini mikataba hiyo kila siku, na walio wengi hawajawahi kuonyeshwa namba hizi mbili zikiwa bega kwa bega. Moduli yako inaweza kuwaonyesha. Weka hesabu hiyo ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili, kabla hata ya maelekezo ya kusakinisha.